TAHADHARI: Anayeuza bodi za kutuliza droni ni tapeli

Nimepigwa, jamani. Nimepigwa mchana kweupe, tena mimi ambaye mnaniuliza mnunue nini.

Kwenye simu ya video huyo muuzaji wa bodi, yaani kile kibao cha elektroniki kinachoiweka droni sawa hewani, alirusha droni yake chumbani, ikasimama hewani kama imetundikwa kwa uzi. Akaisukuma kwa kidole: ikainama, ikajinyoosha, ikarudi palepale. Akaisukuma upande wa pili. Ikarudi. "Bodi ni hiihii ninayokuuzia, kaka," huku anacheka. Hela nilituma kabla hata hatujaagana.

Na asiniambie mtu "ungeshtuka." Huyu bwana kazi anaijua! Kabla ya hapo alikuwa ananijibu maswali bure. Ni yeye aliyeniambia mota zikichemka nipunguze D (namba kwenye mipangilio ya bodi inayotuliza mtikisiko), nikapunguza, zikapoa. Ni yeye aliyenieleza kwamba kuna vihisio viwili kwenye bodi: jairoskopu inapima kasi ya kuzunguka tu, na akselerometa ndiyo inayoikumbusha bodi chini ni wapi. Tapeli gani anakufundisha hivyo?

Mzigo ukafika, nikaufunga kwenye ile droni yangu kubwa. Ikapaa vizuri mpaka usawa wa kifua. Mara ikaanza kulalia kushoto polepole, kijiti cha rimoti sijagusa. Naivuta kulia, inazidi kulala. Ikajibinua, propela zikala ukuta, watoto wote wanatazama. Nampigia, ananiambia nimefunga propela kinyume. Nikakagua: zinazokabiliana kwa mshazari zinazunguka upande mmoja, jozi nyingine kinyume chake, sawa kabisa. Akasema basi weka sponji chini ya bodi, izuie mtetemo. Nikaweka. Basi fanya kalibresheni upya, yaani uipimishe bodi sifuri yake. Nikafanya. Baada ya hapo akaniblok.

Ndipo nikaitazama chipu ya vihisio kwenye bodi kwa lenzi. Maandishi yake yamekwanguliwa, yakachapwa mengine juu. Na ile video nimeirudia: droni yake ina kamera ndogo tumboni inayotazama sakafu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inairudisha palepale! Jairoskopu na akselerometa zinaiweka droni sawa isilale, ila hazijui upepo umeisogeza mpaka wapi.

Mtu huyu afungwe. Sisemi arudishe hela tu, afungwe. Propela ile inakata kidole. Ingemwangukia mtoto tungekuwa tunaongea mengine sasa hivi. Kurasa zake zote zifungwe, vifaa vyake vikamatwe, na wanaomsifia kwenye maoni wahojiwe wanalipwa na nani.

Dalili? Ukimwomba picha ya chipu kwa karibu anakutumia ya boksi. Bodi yenyewe, iunganishe na kompyuta, iache mezani bila kuigusa mpaka ipate joto. Ile picha ya droni kwenye skrini, ndani ya programu ya kuipangia bodi, ikianza kulalia upande yenyewe, umeuziwa takataka. Fanya hivyo propela zikiwa zimetolewa.

Kama na wewe alikuuzia, niandikie faragha na risiti yako. Tunakwenda polisi pamoja.