Poda ya oksijeni ya kutoa madoa: nguo ya mtoto inaokoka au ni ya kutupa tu?

Habari zenu wamama, na wababa mnaofua mpo pia nawajua. Leo nawaletea rivyu ya zile poda nyeupe za kutoa madoa za kwenye kopo, zinauzwa supamaketi na maduka ya vitu vya watoto Kariakoo, zimeandikwa oksijeni kwa maandishi makubwa. Sitaji kampuni kwa sababu nimetumia zaidi ya moja na ukigeuza kopo ukasoma nyuma utakuta kinachofanya kazi ni kilekile, sodiamu pakaboneti, tofauti ni harufu na rangi ya mfuniko na bei waliyojisikia kuweka.

Nilianza kuitafuta kwa sababu ya ile hali mnayoijua, mtoto kaachia, pampasi imeshindwa, mzigo umepanda mgongoni umefika karibu na shingo na rompa iliyokuwa nyeupe imekuwa rangi ya binzari. Unafua au unatupa? Wifi yangu hana mjadala, anakunja anatia kwenye ndoo ya taka, anasema nguo ya mtumba ya buku haiwezi kumuumiza mgongo. Namwelewa kabisa, hasa kama ana kichanga na hajalala. Ila kwetu nguo za mtoto mara nyingi sio za mtoto mmoja, nyingine umeazimwa na dada, nyingine zimetoka kwa binamu zitaenda kwa mtoto wa jirani, sasa ukitupa ya watu utasema nini?

Kabla sijafika kwenye poda niseme ukweli ambao wauzaji hawatawaambia, kwa doa bichi la kichanga anayenyonya poda huihitaji. Suuza na maji ya baridi kwanza, ya BARIDI jamani, ya moto yanaivisha ile protini inagandia kwenye uzi halafu ndio unaanza kulalamika doa sugu. Kinyesi chenyewe kimwage chooni, sio mtaroni. Halafu paka sabuni ya mche, fikicha, iache kidogo, suuza, ukaanike juani ikiwa bado mbichi na doa likiangalia juu. Ile njano ya mtoto wa maziwa ya mama inatokana na rangi za nyongo na mwanga wa jua unazivunja, jua la Dar la saa sita linafanya kazi ambayo kopo zima linaringia. Kuna siku nimetoka kuangalia kamba nikadhani nimeanika nguo nyingine. Ila usisahau pasi baadae, nguo za mtoto zikianikwa nje kuna wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi halafu funza wake wanaingia kwenye ngozi, pasi ya moto ndio inawamaliza, pitisha mpaka kwenye mishono na kiunoni.

Sasa poda inaingia wapi. Inaingia kwenye doa lililokaa. Mfano umesafiri na mtoto kwenye basi la mkoani, amechafua njiani, umeiviringisha nguo umeiweka kwenye mfuko mbadala (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hii mifuko ya kitambaa inavujisha kila kitu, shikeni adabu na watu wa siti ya jirani) umefika usiku umechoka, umekuja kuikumbuka kesho kutwa. Hapo sabuni ya mche peke yake inahangaika. Na inaingia pia kwenye kitu kilichonishangaza zaidi, nguo ulizofua vizuri ukaziweka begini kwa ajili ya mtoto anayefuata, unazitoa baada ya miaka zina madoa ya njano kifuani na shingoni wakati ulizikunja zikiwa safi kabisa. Yale ni mabaki ya maziwa, mafuta hayakutoka yote kwenye uzi, yanakaa yanaharibika taratibu mpaka rangi inajitokeza. Watu wengi wakiona hivyo wanatupa begi zima. Msitupe! Hapa ndio hii poda nimeikubali, nguo za mwanangu wa kwanza karibu zote zimerudi kazini, chache zimebaki na kivuli cha doa ambacho usipoambiwa hukioni.

Lakini ina masharti yake na kopo linayaandika kwa herufi za sisimizi. Maji lazima yawe ya moto, sio ya kuchemka, yale ambayo mkono unavumilia kwa shida. Kwenye maji baridi inazama chini inakaa kama mchanga (sawa inafanya kazi, ila utasubiri mpaka kesho), ndio maana ukisoma maoni ya watu nusu wanasema miujiza nusu wanasema wameibiwa hela, wengi wa nusu ya pili wameimwaga kwenye ndoo ya maji ya bomba wakaondoka. Koroga iyeyuke yote ndio uzamishe nguo, iloweke masaa kadhaa au ilale humo usiku. Na kama doa ni bichi la kinyesi anza na ile suuza ya baridi kwanza, halafu ndio maji ya moto ya poda, usiruke hatua. Ikishachanganywa na maji nguvu yake inaisha, hivyo usitengeneze ndoo ya wiki nzima, na usithubutu kuitia kwenye chupa ukafunga mfuniko, inatoa gesi, chupa itapasuka.

Kwa sisi wa maji ya kisima yenye chumvi kuna kero ya ziada, sabuni haitoi povu, inaacha utando mweupe mweupe kwenye nguo, na poda nayo unajikuta unaongeza kijiko juu ya kijiko. Mimi siku ya kuloweka nanunua maji ya bomba yasiyo na chumvi dumu moja nafanyia hiyo kazi tu, ya kusuuza mwanzo natumia ya kisima. Na kusuuza msione uvivu, ngozi ya mtoto haipendi mabaki, suuza mpaka maji yawe hayatelezi mkononi.

Bei ndio inanifanya nisiipe nyota tano. Kopo dogo kwa mtu anayenunua rompa za mtumba za soko la Karume kwa mafungu haliingii akilini kabisa, doa moja sugu linakula vijiko ambavyo hela yake ingenunua nguo nyingine. Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu, nakusanya. Nguo zenye madoa sugu zinasuuzwa, zinakauka, zinasubiri kwenye ndoo yao, zikifika beseni zima ndio nachemsha maji nazifanyia zote kwa mpigo mmoja. Nyeupe pamoja, za rangi pembeni, maana ingawa wanasema ni salama kwa rangi, vile vitenge vya bei rahisi vinachuja hata kwa maji matupu. Sufi na hariri usiweke kabisa, kama bibi kamfumia mtoto sweta la sufi fua kwa mkono kwa sabuni laini.

Iliposhindwa: kutu ya waya wa kuanikia, hapo hata usijisumbue, ndimu na chumvi juani ndio inasaidia kidogo. Majimaji ya ndizi yaliyokauka, yamefifia tu yakabaki kahawia. Na vile vidoti vyeusi vya ukungu vya nguo iliyofungiwa mbichi, harufu imetoka vidoti vimebaki.

Najua kuna mtu atauliza mbona usitumie jiki yakaisha. Kwenye nguo za mtoto mimi hapana. Inakula mpira wa mguuni na kiunoni, nguo za polista zinageuka njano badala ya kuwa nyeupe, na nguo yenye mkojo ukiimwagia jiki inatoa hewa kali ya kuwasha macho na kifua, hiyo sio harufu ya usafi ni gesi mbaya. Wanaochanganya jiki na ndimu au siki ndio kabisa acheni. Na bluu ya nguo haitoi doa, inalificha tu njano isionekane, mpaka ufue tena.

Kutupa natupa, ila sio kwa sababu ya kinyesi. Natupa ukungu ukishakula kitambaa, mpira ukishakufa, na vifungo vikianza kung'oka maana mtoto atakiweka mdomoni. Hata hizo hazifiki jalalani, za pamba nakata matambara ya jikoni kama zilikuwa na maziwa tu, zilizokuwa na mengine zinakuwa za kufutia baiskeli.

Halafu ushauri mmoja nje ya poda kabisa: mkinunua bodisuti chagueni zenye mabega yaliyopishana, zile zinapanuka shingoni, mtoto akijichafua hadi mgongoni unaivua kwa kushusha chini kupitia miguuni, huipitishi usoni kwake na nywele zake. Doa linabaki dogo na kazi inapungua nusu.

Nyota tatu na nusu. Kama una mtoto mmoja na nguo za mtumba baki na mche na jua. Kama una begi la nguo za zamani zimekuwa njano nunua, lakini anza na sacheti au kopo dogo kabisa, jaribu nguo mbili kwa maji ya moto kisha uamue.