Mpira wa vitenge, soko la Kibuye

Kwa mama anayeuza vichezeo vya watoto Kibuye, Kisumu, upande wa mitumba, nilichukua mpira wa mabaki ya vitenge na kayamba ya chupa ya maji yenye maharagwe ndani. Aliitisha shilingi 300, tukaelewana 250. Mpira ni kazi safi: umeshonewa vishikio, mtoto wangu wa miezi sita anaushika mwenyewe, na ukifuliwa hauharibiki umbo. Kayamba sikuiamini. Kifuniko kilifunguka kwa vidole tu, na punje ya maharagwe humkaba mtoto. Nimekipaka gundi, na bado anaichezea nikiwa hapo hapo. Mdoli wa soksi mwenye macho ya vifungo nilimwacha, vifungo hung'oka. Angemdarizi macho kwa uzi, ningemnunua.