Kipima uvujaji cha geji mbili kwa injini za pikipiki za zamani: kinafichua gasketi ya hedi?

Kifaa chenyewe ni geji mbili, regyuleta moja na mpira unaofungwa kwenye tundu la plagi. Hewa ya kompresa hupita kwenye kitundu chembamba, na geji ya pili huonyesha asilimia inayopotea ndani ya silinda. Kwa pikipiki ya zamani inayoshukiwa gasketi ya hedi (kizibo bapa kati ya kichwa cha injini na silinda) kinafaa kununuliwa, mradi mnunuzi ajue kwamba sindano ya geji inatoa nusu tu ya jibu. Nusu nyingine inatafutwa kwa masikio.

Geji ya kawaida ya kompresheni hukuambia silinda ni dhaifu, basi. Hiki hukuambia kwa nini, kwa sababu hewa inayovuja lazima itokee mahali. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Kwenye kipumulio cha krankikesi (kasha la chini la injini), ni ringi za pistoni. Ikitokea kati ya hedi na silinda, gasketi imekwisha. Pakaza maji ya sabuni kati ya mapezi, mapovu yatakuonyesha upande.

Injini za twini (zenye silinda mbili) za Triumph na BSA zina mtego wake. Pistoni zake mbili hupanda pamoja, kwa hiyo silinda moja ikiwa mwisho wa kukandamiza, jirani yake ina valvu zote mbili zilizoachama kidogo. Gasketi ikiwa imeungua kati ya silinda hizo mbili, hewa hupenya hadi kwa jirani na kutokea kwenye ekzosi na kabureta. Fundi mwenye haraka atasaga valvu zisizo na kosa. Chomoa plagi zote mbili na usikilize tundu la plagi la jirani kabla ya kwenda kwingine.

Pima injini ikiwa bado na joto, baada ya kuhakikisha nafasi ya valvu (uwazi mdogo unaoachwa ili valvu ifunge kabisa) iko sawa. Valvu iliyokazwa mno haifungi, na geji italaumu kitu kingine. Peleka pistoni juu kabisa kwenye mpigo wa kukandamiza, weka gia ya juu, funga breki ya nyuma, na uondoe spana yoyote iliyo kwenye nati ya krenki. Hilo la spana si woga. Pistoni ya milimita 71, kama ya Triumph 650, ikisukumwa na psi 100 (psi ni kipimo cha shinikizo, kama la tairi) inabeba nguvu ya karibu kilo 280. Ikiteleza kidogo tu, spana inageuka rungu. Anza na psi 15 hivi, pistoni itulie, ndipo upandishe. Injini kuukuu inayopozwa kwa hewa ikipoteza asilimia 10 haina neno, na 15 bado inavumilika. Ikifika 20 na kuendelea, tafuta inakovujia.

Tatizo la vifaa vya bei nafuu ni regyuleta: unaiweka sifuri, ukigeuka sindano imeshasogea. Kagua sifuri kabla ya kila silinda. Ukubwa wa kitundu nao hutofautiana, kwa hiyo usilinganishe asilimia za vifaa viwili tofauti. Linganisha silinda na silinda kwa kifaa kilekile. Tazama pia adapta. Nyuzi za milimita 14 huwa zimo, lakini Honda CB750 inataka 12 na Honda ndogo nyingi zinataka 10. Adapta yenye nyuzi ndefu kuliko plagi ya asili inaweza kugusa pistoni au valvu. Na ukiazima mpira wa geji ya kompresheni, toa ile valvu ndogo iliyo ndani yake, inayofanana na ya tairi, la sivyo hewa haitapita sawasawa na kipimo kitakuwa cha uongo.

Kisichowezekana kwa kifaa hiki ni kufichua gasketi inayovujisha oili tu. Shinikizo liko kwenye chumba cha mwako, ilhali oili inapita kwingine. Asilimia 8 safi na hedi inayotona oili vinaweza kukaa pamoja. Kwa shida hiyo osha injini, ikauke, pulizia poda nyeupe, endesha dakika chache, kisha uone doa linapoanzia. Kwenye Triumph za pushrodi (fito zinazosukuma valvu), doa hilo mara nyingi huanzia kwenye sili za mirija ya pushrodi, na gasketi inasingiziwa tu. Masizi makavu meusi kwenye kiungio ni habari nyingine: huo ni moshi wa mwako unaopenya, na hapo ndipo kipima uvujaji kinapong'ara.

Kabla ya kufungua hedi, kagua mkazo wa nati za hedi injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo, kisha rekebisha nafasi ya valvu na upime tena. Uvujaji ukipungua sana, huenda gasketi ililegea tu.

Kompresa yenye tangi ni lazima. Pampu ndogo ya tairi haimudu kujaza hewa inayopotea. Sindano hushuka yenyewe, na silinda isiyo na kosa itasomeka mbovu.