Kusafisha kreosoti kwenye dohani: ununue nini kwanza

Msimu wa baridi ukikaribia, maduka ya vifaa huko Maine, Vermont na Minnesota, majimbo ya Marekani, hupanga karibu na mlango yale magogo yenye dawa ya "kusafisha dohani". Bei rahisi, kazi hakuna: unawasha tu. Mtu aliyehamia huko kutoka Bujumbura au Uvira, akarithi jiko la kuni pamoja na nyumba ya kupanga, huchukua gogo hilo bila kujiuliza. Mimi naliweka mkiani, na sababu ni hii.

Moshi wa kuni ukipoa ndani ya dohani, yaani bomba la moshi, chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke wake wa lami huganda ukutani. Utando huo ndio kreosoti. Mwanzoni ni masizi ya unga. Ukiendelea kuwasha moto mdogo usiku kucha, unapata magamba meusi magumu, na mwisho lami iliyoshikamana na bomba kama kioo. Hiyo ikishika moto, joto linaweza kupita nyuzi 1,000 na kupasua vigae vya dohani. Basi kabla ya kutoa pesa, acha jiko lipoe kabisa, mulika ndani kwa tochi, kwaruza kwa bisibisi. Utando ukifika milimita 3, safisha kabla ya kuwasha tena.

Chaguo langu la kwanza ni fimbo nyembamba zinazozungushwa na drili, kichwani zina nyuzi ngumu za plastiki. Unazipandisha kutokea chini, kwa hiyo hupandi paa lenye barafu, na magamba yanayoishinda brashi laini hubanduka. Angalia mambo mawili dukani: urefu wa fimbo zote zikiungwa utoshe kufika juu, na viungo viwe vya kubana kwa kitufe. Vile vya kuzungusha kama skrubu hufunguka ukirudisha drili nyuma, kichwa kikabaki huko juu.

Ya pili ni brashi ya kawaida na fimbo zake. Hudumu miaka, haihitaji umeme. Kosa la wengi ni kipimo: pima kipenyo cha ndani cha bomba. Majiko mengi hutumia inchi 6, lakini yapo ya 8. Bomba la chuma kisichoshika kutu linataka brashi ya plastiki, maana waya hulikwaruza. Waya ni wa dohani ya vigae. Barakoa na shuka kuukuu la kuziba mdomo wa jiko uwe navyo kwa vyovyote.

Dawa ya unga au ya kupuliza ni ya tatu, na inafaa kama msaidizi tu: hukausha lami ili brashi iiweze. Gogo lenye dawa hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama zaidi kila mara. Magamba yakibanduka hayapotei. Huanguka na kujazana kwenye kona ya bomba, na lazima mtu ayatoe. Aliyewasha gogo akaamini amemaliza yuko hatarini kuliko asiyefanya kitu, kwa sababu huyo wa pili angalau ana wasiwasi.

Fundi wa dohani simpangi kwenye foleni hii. Kanuni ya NFPA 211, ya shirika la Marekani la kinga ya moto, inataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na lami ya kung'aa ni kazi yake, si yako. Tafuta mwenye cheti cha CSIA, taasisi ya Marekani ya usalama wa dohani. Mpangaji amuulize kwanza mwenye nyumba nani analipa.

Ukibakiwa na pesa, nunua kipimo cha unyevu wa kuni chenye sindano mbili. Pasua gogo, choma sindano kwenye uso uliopasuliwa sasa hivi, si kwenye ncha iliyokauka juani. Ikisoma zaidi ya asilimia 20, rudisha kuni kwenye rundo.