TAHADHARI: Huyu anayeuza WiFi ni tapeli, msimpe hela

Jamani, naandika mikono ikitetemeka. Yule kijana wa WiFi niliyewasifia wiki mbili zilizopita, ifuteni ile sifa.

Alikuja kifundi kabisa: kitambulisho shingoni, begi waya zinachungulia. Akasema ruta ni yake, anagawia majirani, lipa mwezi utumie utakavyo. Nikaomba nywila niiandike. "Hapana, lete simu nikuingizie mwenyewe, nikimwambia kila mtu itasambaa." Nikampa. Akaigeuzia kifuani, akakinga kioo kwa kiganja, akabonyeza weee, akanirudishia anatabasamu. Video ikafunguka bila kuzunguka hata kidogo. Sasa ningeshuku nini? Ana adabu, na jirani wa juu alishalipa. Mtu akikuuzia ndoo ya maji unamuuliza bomba ni la nani?

Siku ya tisa ikagoma. Nikampigia: "Mitambo imebadilishwa, tafuta jina lile lile lenye mbili mwishoni." Nikaliona, halina alama ya kufuli, yaani haliombi nywila. Nikagusa, ukaja ukurasa unataka barua pepe na nywila yake, eti kuthibitisha mteja. Na mimi, mtu mzima na meno yangu yote, nikajaza! Haikupita saa nimefungiwa nje ya akaunti yangu, watu wanaombwa hela kwa jina langu. (Shemeji, ile uliyotuma haikunifikia. Tutaongea.)

Jioni hodi. Mwenye WiFi halisi! Hajamtuma mtu kuuza chochote. Akanionyesha kwenye simu yake orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye ruta, na pale katikati jina langu kamili, maana simu niliipa jina hilo mwenyewe. Akasema uchafu wowote ukipita kwenye laini yake, polisi watamgongea yeye, si mimi. Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku nikasoma sheria za makosa ya mtandao: Tanzania ya 2015, Kenya ya 2018, zote zinakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Kumlipa tapeli si idhini. Yaani nimelipa hela yangu ili niitwe mwizi!

Dalili zilikuwepo, sikatai. Alitaka noti mkononi tu. Nikimuuliza kampuni gani, anacheka. Hiyo isiyo na kufuli. Na nywila ya barua pepe yako haihusiani kabisa na WiFi ya jirani, hilo tu mlishike. Mengine siyakumbuki vizuri, hasira zimenijaa. Huyu afungwe! Arudishe hela ya kila mtu, na kile kitambulisho cha uongo avalishwe akipandishwa kizimbani. Jirani wa juu, na wewe usione haya, njoo uandikishe maelezo.

Mimi nimeshakwenda kituoni leo asubuhi. Mwenye WiFi naye alikuwepo, kaja kulalamika kivyake. Tumekaa benchi moja saa nzima, hatukusemeshana.