Ununue Wapi Ukienda Visiwa vya Ssese: Kutoka Soko la Kitoro hadi Maduka ya Hotelini

Mgeni anayekwenda kupumzika katika visiwa vya Ssese, ambavyo hesabu yake ni 84 na ambavyo vimo katika Wilaya ya Kalangala nchini Uganda, ndani ya Ziwa Viktoria, hupanga kwa uangalifu bei ya chumba na nauli, kisha fedha zake huishia katika manunuzi madogo madogo: maji ya chupa, sabuni, mkate, dawa ya mbu. Karibu kila bidhaa ya kiwandani inayouzwa katika kisiwa kikuu cha Bugala imevuka maji, na gharama ya kuivusha huingizwa katika bei. Hata mafuta ya kula hayaepuki jambo hilo, kwa maana Bugala ina mashamba makubwa ya michikichi na kiwanda cha kukamua mawese, lakini mawese hayo husafishwa Jinja, na mwenye duka wa Kalangala huyapokea tena yakiwa katika chupa baada ya safari ndefu ya kwenda na kurudi. Ndiyo maana nashikilia kwamba vitu vya kiwandani vinunuliwe nchi kavu kabla ya kuvuka, na vitokavyo ziwani vinunuliwe kisiwani.

Nikipanga mahali pa kununulia kwa ubora, nafasi ya kwanza naipa soko la Kitoro mjini Entebbe. Kwa ratiba ya kawaida kivuko cha MV Kalangala huondoka bandari ya Nakiwogo saa nane mchana na safari huchukua takriban saa tatu na nusu, hivyo asubuhi nzima ni ya manunuzi, na kutoka Kitoro hadi Nakiwogo ni mwendo mfupi wa bodaboda. Nunua hapo nyanya, vitunguu, viazi, matunda na ndizi za kupika, kwa sababu utakapofika Lutoboka, bandari ya Bugala, jioni itakuwa imekaribia na hutakuwa na muda wa kulinganisha bei. Wauzaji wengi huzungumza Kiganda, na si wote walio na Kiswahili cha kutosha. Msalimu mama muuzaji kwa “nnyabo” na mwanamume kwa “ssebo” kabla ya kuuliza bei, kwani kuanza na bei bila salamu huonekana kama kumdharau mtu.

Wasafiri wanaotoka Bukoba kupitia mpaka wa Mutukula hawana haja ya kufika Entebbe. Kwao soko la Nyendo, Masaka, lina hadhi ile ile, na kutoka huko hushika njia ya Bukakata, ambako kivuko cha kwenda Luuku, kisiwani Bugala, huvusha watu na magari bila malipo. Wakipita mwezi wa Novemba watakuta pia senene, na sidhani kwamba Mhaya anahitaji kushauriwa zaidi juu ya hilo.

Nafasi ya pili ni mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapotia nanga, na kwa upande wa samaki hakuna mahali panapoushinda. Nenda asubuhi, wavuvi wanaporudi. Samaki mbichi mzuri ana macho yanayong’aa yaliyotokeza nje, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza; macho yakiwa yamezama na matamvua yakiwa ya kahawia, ondoka hata kama bei imeshushwa sana. Ukimkuta sangara mkubwa aliyepasuliwa tumbo usishtuke, maana mara nyingi bondo lake (kibofu cha hewa) limetolewa ili liuzwe peke yake kwa bei kubwa, lakini mwambie muuzaji akupunguzie. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ukubwa wa samaki. Sheria za uvuvi za Uganda hazimruhusu sangara aliye chini ya sentimeta 50 wala sato aliye chini ya sentimeta 28, na mwaka 2017 jeshi lilitumwa ziwani kusimamia jambo hilo. Samaki mchanga huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini anayemnunua anasaidia kulimaliza ziwa linalowalisha watu wa visiwa hivyo, na anaweza kunyang’anywa samaki huyo njiani. Kwa dagaa, ambao Uganda huitwa mukene, uliza walikaushwa wapi: walioanikwa juu ya vichanja ni safi, ilhali walioanikwa chini huja na mchanga usiokwisha hata ukiwaosha mara nyingi.

Ya tatu ni maduka makubwa ya Entebbe. Mbogamboga zake hazinivutii, lakini ni mahali panapofaa kwa maziwa ya mtoto na vyakula vya makopo, kwa sababu tarehe za mwisho wa matumizi huonekana wazi na malipo kwa kadi hukubaliwa. Dawa zako za kawaida zinunue katika duka la dawa la mjini humo kabla ya kuvuka.

Maduka ya mji wa Kalangala nayaweka nafasi ya nne, yaani kwa kuziba pengo la kile ulichosahau. Chukua fedha taslimu za kutosha, kwa kuwa kila unapotoa pesa za simu kwa wakala hukatwa ada pamoja na kodi ya asilimia 0.5.

Maduka ya hoteli za ufukweni huja mwisho. Yanafaa kwa soda baridi tu.

Kuhusu zawadi, nunua kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kiitwacho lubugo, ambacho utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Vibanda vya ufundi vya Entebbe hukiuza, na kwa kuwa hakiozi unaweza kukiacha hadi siku ya kurudi. Samaki ndio wanaohitaji mpango, kwa sababu kivuko cha kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, mapema mno kwa mtu kuchagua kwa utulivu: nunua jioni iliyotangulia sangara aliyekaushwa kwa moshi, au dagaa, na samaki mbichi mchukue tu ikiwa una sanduku lenye barafu.