Makao ya watoto au malezi ya kambo?

Wenye moyo wa kusaidia watoto Kisumu huuliza hili kila mara: wafungue makao, au wampokee mtoto asiye wao na kumlea kwa muda nyumbani kwao, yaani malezi ya kambo?

Anza na kibali. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unawarudisha watoto kwenye familia. Usijenge mabweni Nyamasaria kwanza halafu utafute cheti. Unaweza kuishia na majengo matupu. Malezi ya kambo huanzia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo: kitambulisho, cheti cha maadili mema kutoka polisi, kisha nyumba yako kukaguliwa.

Gharama ndiyo huwashinda wengi. Wiki ina saa 168, kwa hiyo ili mlezi mmoja awe zamu mchana na usiku unahitaji watu wanne, kila mmoja saa 42, na mlezi mmoja kwa zamu hatoshi kwa watoto ishirini. Ugali wa jioni tu humaliza pakiti mbili za unga za kilo mbili. Mfadhili akichelewa, mishahara husimama kwanza, walezi wanaondoka, na mtoto aliyeanza kuwazoea anaumia tena. Mlezi wa kambo huongeza sahani moja.

Hata hivyo makao yana nguvu yake: ndugu watano waliookolewa usiku mmoja ni vigumu kupata nyumba moja ya kuwapokea.

Una chumba na muda? Malezi ya kambo. Una fedha na kikundi? Shirikianeni na makao yaliyosajiliwa tayari, mkilipia nauli na ufuatiliaji wa watoto wanaorudi kwao.